Ng'ombe Wangu Kwenye Picha za Harusi

Kaka Luhende, bwana harusi,

Shikamoo. Mdogo wako ni dereva hatari, Mwanza hadi Lubumbashi. Hata matrafiki wananipigia saluti. Ila nimechoka, kaka. Juzi nilisinzia kwenye usukani nikaota nakula samaki sato hapo nyumbani Ilemela.

Picha za harusi nimeziona, na zile za kupeleka mahari. Yule ng'ombe mwenye pembe moja si wangu? Nilikuachia wanane, niliowanunua mmoja mmoja kwa hela ya lori, unifugie, ili niache lori nije nimuoe mchumba wangu Rose. Umewaswaga wote ukweni kwako!

Sasa nimeomba safari nyingine. Kila simu ulikuwa unaniambia, "Vumilia, dogo, nyumbani tunakusubiri." Mlikuwa mnamsubiri nani?

Msalimie shemeji. Mwambie mahari yake niliiendesha mimi, miaka minne.

Chenge, mdogo wako bado