Jakuzi Kwenye Mizani

Mwenzangu, yamenikuta! Niko mizani, pale magari makubwa yanapopimwa uzito, natamani ardhi inimeze.

Si unalijua lile basi kuukuu mume wangu analoligeuza nyumba ya kusafiria? Leo ndiyo tumeanza safari. Hata mji hatujautoka, tumesimamishwa.

Askari kachungulia ndani. Kaona vigae. Kaona jiko la marumaru. Kaona JAKUZI, lile beseni kubwa la kuogea lenye mapovu. "Mzee, hii ni hoteli?" Uzito umezidi vibaya sana. Jakuzi! Si nilimwambia mimi?

Ngoja, bado. Kaombwa leseni. Kaitoa kifua mbele. Leseni ya gari dogo, mwenzangu. GARI DOGO! Eti, "Viti nimeng'oa, afande. Hili si basi tena, ni nyumba." Askari akamwambia, "Sawa. Nyumba huwa haziendi popote."

Sasa ukoo mzima nani ana leseni ya basi? Mama mkwe! Kaendesha mabasi ya shule mpaka kastaafu. Huyo huyo ambaye jana mwanawe alimwambia, bila haya, kwamba humu hakuna nafasi ya mtu wa tatu.

Kampigia, sauti imenywea kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mama kafika. Salamu hakuna. Kapanda, kasogeza kiti, kaweka kioo sawa. "Jakuzi lishuke." Likashushwa. "Na mwenye jakuzi abaki alilinde."

Mwenzangu, TUMEONDOKA. Namwona kwenye kioo, kakaa ndani ya jakuzi lake kando ya barabara, anatupungia tusimame.

Mama kamwona. Kaongeza gia.