Filta ya Gari la Kapteni

Kawempe, Kampala
9 Juni 1974

Mpendwa dada Joska,

Pokea salamu zangu nyingi. U mzima? Shemeji na watoto hawajambo? Kifua chako je, baridi ya Nairobi imekiachia? Sisi tunapumua, na siku hizi hilo si dogo.

Barua hii haipiti posta. Anakuletea Hippolyte, yule Mkongo muuza vitenge. Ukishaisoma ichome.

Dada, naogopa. Kapteni mmoja wa jeshi ametuletea gereji gari la mbio, jekundu, la viti viwili, la kizamani, lililoachwa na Mhindi aliyefukuzwa. Zuri ajabu, ningelipenda kama lingekuwa la mtu mwingine. Filta yake ya oili ilikuwa imeoza, na tangu maduka ya spea yafungwe huku hupati nyingine. Nikafunga ya lori. Inaingia sawasawa, ila haina ule mpira wa ndani unaozuia oili isirudi chini. Kila gari likiwashwa, injini inagonga kavu kwanza. Kwa safari ndefu haitafika.

Sasa sikia ujinga wangu. Desturi yetu mafundi ni kumkabidhi mwenye gari kifaa kibovu, ajionee. Nikamkabidhi kwa mazoea. Akauliza mbona haifanani na hii mpya. Nikamdanganya kwamba hii ni bora zaidi. Akacheka: "Basi Jumamosi wewe nakwenda na mimi Masindi, kwa harusi. Motoka nakufa njiani, wewe tanijua."

Wahabi, fundi mwenzangu, aliambiwa hivyo hivyo kwa ajili ya breki. Wanajeshi walimtia kwenye buti la gari mchana kweupe. Jana nikifuta buti la hili jekundu nilijikuta nalipima kwa macho. Ni dogo, lakini nitaenea. Jalia, mke wa Wahabi, bado anamletea chakula hapa gereji, nasi tunakipokea.

Tafadhali nitafutie filta huko. Usidanganywe na rangi. Chungulia matundu madogo ya pembeni. Ukiona mpira mweusi ndani, ndiyo hiyo. Ile mbovu Kapteni aliitupa, nikaiokota. Anayo Hippolyte, ulinganishe midomo yake. Anarudi huku Ijumaa.

Nisalimie shemeji Obwona, shangazi Ajok na Akwero wangu mdogo. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Hippolyte nimemwonya: akikuta sipo, asiulize habari zangu kwa mtu yeyote, akurudishie filta tu. Ukiiona imerudi, dada, mwambie mama taratibu.

Ndugu yako akupendaye siku zote,
Onen