Chupa Iliyodondoka Nyambeho

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mazoezi ya tatu na klabu. Kilima cha nyuma ya Butimba, kupanda mara nne, kushuka mara nne. Walifika watu kumi na mmoja. Waendesha baiskeli — wawili. Mimi na Dorcas. Waliobaki ni watu wenye baiskeli.

Nathaniel ndiye mwenyekiti. Daktari wa meno. Ana miwani ya kuendeshea, glavu za kuendeshea, soksi za kuendeshea — kuendesha kwenyewe ndiko hakuna. Mlima ukikaza anashuka, anasukuma, halafu anatuambia anapumzisha mnyororo. Mnyororo! Chenge wa Igoma, muuza vipuri, ana baiskeli ya gia ishirini na moja na anatumia mbili. Amefunga spika kwenye usukani. Muziki wake ulifika juu kabla yake, na alipofika yeye tukatamani tungebaki na muziki.

Dorcas yuko benki. Mwembamba, hana makeke. Anapanda kana kwamba hajaambiwa kuwa ni mlima. Simwogopi. Naandika tu.

Wananiita Nshomile, yaani msomi, kwa kuwa ni Mhaya na kwa kuwa niliwasahihisha kuhusu ramani. Mimi ni mpima ardhi. Mtu akishika ramani kichwa chini nifanye nini, nimpigie makofi?

Nyumbani hakuna mtu. Wiki ya tatu sasa. Nimekula mkate na chai ya rangi.

Jumatatu, 4 Agosti

Modesta, mke wangu, kapiga simu. Bado yuko kwao Nyambeho, ng'ambo ya daraja la Busisi, yeye na binti yetu Angela. Hakuuliza nakula nini. Kasema wazee wake watakaa Jumapili tarehe 24. Niende na mshenga wetu, mzee Muganyizi, niombe radhi mbele yao, ndipo atarudi. Nikitoa neno moja la dharau kwa mtu yeyote wa kwao, harudi. Hakupandisha sauti. Hapo ndipo nilipojua hatanii.

Kosa langu? Sherehe ya komunio ya Angela, mbele ya wageni, nilisema kaka zake wanajua kuhesabu ng'ombe tu, na wakipita ishirini wanaanza upya. Watu walicheka. Yeye alikusanya sahani, na Jumatatu yake akakusanya nguo.

Eti nadharau watu mpaka imekuwa ugonjwa. Nikamwambia sidharau mtu, naona mambo yalivyo. Akakata simu.

Namtaka arudi. Naliandika hapa kwa sababu mdomoni halitoki.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa, kikao cha klabu. Nathaniel katangaza safari ya Jumamosi. Lori litatuvusha daraja, tutapanda vilima vya msitu, tutashuka bonde la mto Nyasembe, tutamalizia mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki. Kilomita hamsini na mbili. Atakayetangulia kufika atawekwa picha ya mbele kwenye ukurasa wa klabu. Watu wazima! Picha! (Nitatangulia mimi.)

Nikaangalia njia. Mteremko wa mwisho unapita juu kidogo ya Nyambeho. Karibu na nyumba ya wakwe kabisa.

Nimefikiria nisimame niwasalimu. Hapana. Nitatokeaje ukweni na kaptula ya kubana, makalio yote hadharani? Na kule kuna mambo yao. Katika ukoo wa Modesta mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Mkikutana njiani kila mmoja anapisha, anageukia pembeni, mnasalimiana kwa migongo. Mama akiwa na neno kwangu analituma kwa Modesta, hata tukiwa tumetenganishwa na mlango tu. Miaka tisa! Najua visigino vyake na sauti yake, basi. Nikikutana naye sokoni Igoma nitamwuliza bei ya nyanya.

Mwanzoni niliona ushamba. Siku hizi naona inanifaa. Wanaume wengi wangelipa wasiwatazame mama wakwe zao.

Nitavaa kofia ngumu na miwani. Nitapita, hakuna atakayejua.

Jumamosi, 16 Agosti

NIMETANGULIA. Niandike kwa mpangilio.

Tumeshuka kwenye lori saa moja asubuhi. Baridi. Nathaniel kaomba dua ndefu kuliko kilima chenyewe. Kilomita tano za kwanza ni misonobari — njia pana, laini, majani makavu chini, hata mtoto angepita. Chenge kaanguka hapo hapo. Alikuwa anajipiga picha. Tumemtoa miiba kwenye mkono nusu saa na spika inaendelea kuimba kichakani.

Baada ya misonobari ni msitu wenyewe. Mawe makubwa, mizizi, njia za ng'ombe zilizochimbika mpaka unaendesha kama uko mtaroni. Nathaniel anafuata simu. Simu ikamwingiza kwenye shamba la mihogo la mtu. Mwenye shamba, mzee mpole, alimwuliza kama ndiye bwana mifugo wa chanjo, maana wamemsubiri tangu Juni. Daktari mzima akabaki anaitazama simu. Nilicheka mpaka nikashika mti.

Kufika mgongo wa kilima tumebaki wawili. Mimi na Dorcas. Chini bonde lote linaonekana — mto, matete, ng'ombe wadogo wadogo, na mbali kabisa ziwa. Pazuri. Sikumwambia.

Mteremko ni kilomita nne. Njia moja, upana wa miguu miwili, kushoto jabali, kulia ukingo wa mto. Nikatangulia. Dorcas nyuma yangu, namsikia tairi. Njia nzima nampigia kelele — kaa huko huko nyuma, dada wa benki, hapa hatuhesabu noti! Hakujibu hata mara moja. Inaudhi mtu asiyejibu.

Karibu na chini, kwenye kona, bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Katikati ya njia. Nilimwona mgongo tu. Nikategemea ashtuke, akimbie ovyo kama kuku. Yeye akasogea pembeni, taratibu, kabla hata sijapiga kengele, kwenye ukingo wenyewe ambako hakuna pa kukanyaga. Akanipa mgongo. Akavuta khanga akajifunika uso — eti mtu anaiona baiskeli anajifunika uso! Kama kaona jini! Nikamfokea. Toka njiani wewe mzee, kalale nyumbani na kuni zako! Nikapita. Mzizi ukanirusha, nikasikia kitu kimedondoka, nikasikia na kuni zinamwagika.

Sikugeuka. Mwendo ule ukigeuka unavunjika shingo.

Dorcas alisimama. Nilifika mwaloni peke yangu, wanawake wanaanika dagaa, hakuna hata aliyeinua kichwa. Dorcas kafika dakika ishirini baadaye, magoti yana tope. Kapoteza ushindi kwa kuokota kuni. Anasema yule mama alitelezea mtoni akaangukia mkono. Alimtoa, akamfunga kwa leso, akamsindikiza mpaka karibu na nyumba. Anasema hakulia wala hakulalamika. Aliuliza jambo moja tu, kama yule aliyetangulia amefika chini salama.

Nikasema angejiuliza yeye kwanza kwa nini anatembea katikati ya njia. Dorcas akanitazama, akaenda kukaa upande wa pili wa lori.

Wivu.

Jumapili, 17 Agosti

Miguu inauma. Picha yangu imewekwa. Imekatwa sikio.

Chupa yangu ya maji haipo! Ile ya bati ya bluu, ya zawadi kutoka kwa Modesta, jina nimeandika mwenyewe kwa maka peni, PRIVATUS, herufi kubwa. Chenge. Alikuwa anashika shika vitu vya watu kwenye lori. Nimeandika kwenye grupu kwamba aliyeichukua airudishe kabla sijamtaja. Chenge kajibu kwamba yeye anauza chupa, haibi chupa. Watu wakaweka vicheko. Makundi ya watu wazima ni shule ya msingi yenye bando.

Jumatano, 20 Agosti

Modesta kapiga kuthibitisha Jumapili. Mama yake kavunjika kifundo cha mkono, kafungwa plasta. Kateleza bondeni na kuni.

Nikasema pole. Nikaongeza, kwa upole kabisa, kwamba wazee waache kubeba mizigo mabondeni. Akauliza kama hiyo ndiyo pole yangu. Nikasema ndiyo, kwani nikosee nini tena? Akasema haya, tutaonana Jumapili.

Bonde lile ni kubwa. Wanawake wanaobeba kuni ni wengi.

Alhamisi, 21 Agosti

Ni wengi.

Jumamosi, 23 Agosti

Mzee Muganyizi kaja kunifundisha kuomba radhi. Nimemsikiliza saa nzima kama mtoto wa katekisimu. Nisikunje nne. Nisisahihishe mtu. Nisitabasamu upande mmoja — nikamwuliza natabasamu upande gani, akasema huo huo. Mwishoni akanishika bega, akasema, kesho mdomo wako niachie mimi, wewe njoo na masikio.

Nimepiga pasi suruali ya kitambaa. Nimeosha baiskeli pia, sijui kwa nini. Tope lililokauka kwenye breki lina rangi ya bonde lile.

Nilitaka kumpigia Dorcas, nimwulize yule mama alivaa khanga gani. Sikupiga. Ningemwambia naulizia nini?

Jumapili, 24 Agosti

Nyambeho. Naandikia nyuma ya nyumba, daftari juu ya ukuta wa zizi. Nimeomba kwenda chooni.

Tulifika saa nne. Tukakaa barazani. Upande wao mjomba Ngosha, mkubwa wa familia, na kaka wawili, wale wa ng'ombe. Mama ndani, nyuma ya pazia la mlango. Nikachuchumaa, nikageuza uso, nikamsalimu mama kwa Kisukuma chao, Mwadila, mayo. Saa nne asubuhi! Hiyo ni salamu ya mchana. Wale kaka hawakucheka. Mimi ningecheka wiki nzima. Yeye akaitikia kutoka ndani, vizuri tu, akaniuliza hali ya kazi.

Muganyizi akasimama, akaongea maneno matamu. Mjomba Ngosha akaitikia kwa kichwa. Nikaona linaisha. Nikaanza kupanga nani akae siti ya mbele wakati wa kurudi.

Ndipo mjomba akasema kabla ya hili kuna jingine. "Wiki iliyopita watu wa baiskeli walipita hapa. Mmoja amemtupa dada yangu mtoni na kumtukana juu yake. Wewe mkwe unapanda baiskeli, hao unawajua. Tutajie."

Nikasema klabu ni nyingi Mwanza. Lilitoka lenyewe.

Mjomba akasema wamemuuliza dada yao siku nane, anajibu kwamba yeye hakumtazama mtu huyo usoni.

Hakumtazama. Kweli hakunitazama. Alinisikia namfokea Dorcas kuanzia juu ya kilima — miaka tisa sauti ndiyo tuliyopeana — akajua ni mkwe wake anakuja. Akapisha. Mzigo kichwani, mto upande mmoja, akapisha kama inavyotakiwa, akafunika uso. Na mimi nikasema kaona jini.

Modesta akatoka ndani na trei. Glasi nne za maji, za Muganyizi, mjomba na kaka wote wawili. Na mbele yangu akaweka chupa ya bluu. Imeoshwa, imejazwa, bati limebonyea ubavuni. Jina langu akaligeuzia kwangu, wengine wasilione. Macho hakuinua.

"Mama anasema unywe kwanza. Anasema safari yako ilikuwa ndefu."

Nikanywa. Nikaomba njia ya chooni.

Sasa. Ninayo maneno. Naweza kusema chupa iliibiwa, Chenge ni shahidi, grupu zima limesoma. Naweza kusema nusu ya klabu ina chupa kama hii. Muganyizi ataniamini, mjomba labda. Modesta anajua. Anajua na amenyamaza, anasubiri aone mume wake ni mtu gani. Na hao kaka ninaowacheka, laiti leo mmoja tu angekuwa upande wangu aniambie la kusema!

Ni mimi. Maneno mawili. Nimeyaandika hapa, kuyasema bado.

Mjomba ananiita. Mara ya pili hii.

Kumbe njia ya kurudi barazani inapita mlango wa jiko. Mama katoka huko sasa hivi na kiti kidogo, kiko mkono mmoja, ule mwingine una plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Kanisikia nimekohoa. Kaweka kiti chini. Kasogea pembeni, mpaka kwenye miiba ya ua, kavuta khanga kwa ule mkono mzima.

Mjomba anaita tena. Mama bado amesimama kwenye miiba, kanipa mgongo, anasubiri nipite.