M ya Mvua

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu aleikum. Mvua itafika huko Buna kabla ya Ijumaa. Ndivyo alivyosema asubuhi dereva wa lori la ngamia hapa sokoni Garissa. Mimi ni mzima. Shangazi yako amehamia Nairobi, na nyumba nzima nimebaki na redio.

Umeniuliza ufanyeje na yule mtoto wa darasa lako la chekechea anayefuatisha vitone vya kila herufi katika karatasi zako za maneno ya msimu, ila M ya mvua haigusi.

Kabla sijawa mwandishi wa habari nilifundisha chekechea hukohuko. Kiangazi kimoja nilitoboa vitone mchangani, watoto wakavifuatisha kwa kidole. Msichana mmoja, Halima, mtoto wa wafugaji wanaofuata malisho, aliifuta M kila siku.

"Mvua huipendi?" nikamuuliza.

"Maalim, mfua ikikuja, sisi nahama," akajibu. "Wewe nabaki na nani?"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Wiki iliyofuata ikanyesha. Nilikuta nafasi yake iko tupu na herufi zote zimefutwa na maji. Sikumwona tena, na swali lake sikulijibu.

Mimi sikuwa na cha kumpa, maana mchanga haubebeki. Wewe una karatasi. Usimlazimishe. Muulize wanahama lini, kisha umshonee kijitabu cha herufi aende nacho.

Karatasi na penseli nimempa kondakta wa basi. Litafika Buna Alhamisi.

Awowe wako