Aliyemtangulia Mzungu Mlimani

Mama Masika wangu, mlinzi wa mpunga wa Mubuku,

Ndege wamekuachia chochote? Mimi hapa Bwera nimekula sombe mpaka nikalegeza mkanda, na nimewashinda wasomi wawili siku moja!

Katika ukumbi wa hapa wametundika picha ya zamani ya mzungu kule juu mlimani kwenye theluji. Chini imeandikwa: "Mtu wa kwanza kufika hapa." Mwalimu mmoja, binti mkali, akasema, "Hawa walitudharau. Picha itoke!" Katekista naye akawaka: "Bila wao ungesomea wapi? Inabaki hivyo hivyo!" Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Nikasimama. "Wakubwa, mbele ya muzungu iko mutu na sanduku kichwani. Yeye alifika wa ngapi?"

Ukumbi ukacheka. Nikageuza kichwa, wakaona sikio langu, lile unaloliita sahani, na la yule wa sanduku kwenye picha ni hilo hilo. "Huyo ni babu yangu, Bwambale. Picha ibaki, lakini wa kwanza muandike yeye."

Mwalimu akapiga makofi, katekista akaleta rangi mwenyewe. Sasa inasomeka: "Bwambale, wa kwanza. Nyuma, mgeni wake."

Tatizo ni kwamba huku kwetu kila mtoto wa kiume anayezaliwa wa pili huitwa Bwambale. Tangu asubuhi kina Bwambale wote wamepanga foleni kupiga picha na "babu yao". Nimewaacha. Aliyemfikisha mzungu kwenye theluji hashindwi na wajukuu.

Jifunike vizuri, kipenzi, mvua inakuja huko. Na unichinjie jogoo, umeolewa katika ukoo mkubwa.

Mzee wako