Stima ya Gereji Yako

Fundi,

Ni mimi, Wakesho. Mwandiko ukiwa mbaya nivumilie, kama ulivyonivumilia miaka sita nikikushikia ngazi. Nimekaa barazani kwako hapa Voi, Mama Nekesa yuko ndani anapika chai, na sina mwingine wa kumwambia jambo hili ila wewe. Nimeogopa, Fundi. Tangu Alhamisi naogopa hata swichi ya chumbani kwangu. Naizima kwa ncha ya kalamu, mimi, fundi wa stima! Ungenicheka hadi ukohoe.

Acha nianze mwanzo, maana ulikuwa ukinigombeza: "Wewe Wakesho unasimulia kama mtu anayetafuta shoti, unaanzia popote."

Tulikusindikiza mpaka Webuye. Watu wa hapa waliuliza kwa nini mtu aliyezaliwa kwenye nyumba za reli za Voi azikwe mbali hivyo, lakini ndugu zako walisema mtu hulala kwa baba yake, basi tukaenda. Udongo wa huko mweusi, laini, umeshiba mvua. Wenzangu wanalia, mimi nawaza, hapa chuma cha ardhini cha stima kingeingia kwa nyundo tatu tu. Nisamehe. Ndiyo mawazo yaliyonijia kaburini kwako.

Mama Nekesa alikaa huko wiki chache, kisha akarudi. Shemeji zake hawakupenda. Akawaambia nyumba mliyoijenga pamoja hawezi kuwaachia mchwa. Sasa wewe uko Webuye, yeye yuko Voi, na kufika kwako ni safari ya kulala njiani. Hilo sikulitia maanani wakati ule. Lingenisaidia.

Gereji yako ya mabati unaijua, ile iliyojitenga, hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni. Umewasha nusu ya mji huu, lakini humo uliingia na tochi mdomoni mpaka mwisho. Kinyozi hajinyoi, ulikuwa ukisema, na kila Krismasi uliahidi utaivutia stima. Binti yako Nekesa alipoichukua pikapu iliyokuwa ikilala humo, Mama akaamua kufugia vifaranga humo. Akataka taa ya kuwapa joto, na nyingine juu ya mlango. Akaniita. "Fundi wetu sasa ni wewe," akasema. Nilivimba kichwa, siwezi kukudanganya. Kazi yangu ya kwanza peke yangu, tena kwako!

Mtaro niliuchimba mwenyewe, futi mbili, kutoka ukuta wa jikoni hadi gereji. Nikalaza ile waya nene yenye ngozi ya chuma, nikaifunika kwa mchanga, juu nikapanga matofali ili mwenye jembe agonge tofali kwanza. Hapo sikukosea. Jana nimefukua tena nikahakikisha.

Kosa liko nyuma ya gereji. Nilipigilia chuma cha ardhini, kile cha kupokea stima inayovuja ili ishuke chini badala ya kumshukia mtu. Kikaingia futi mbili unusu, kikagoma. Udongo wetu unaujua. Nyundo inaruka, mikono inawaka moto, chuma hakisogei. Nikakata kipande kilichobaki juu. Halafu nikafanya tulivyofanya siku zote: ndoo ya maji, vikombe viwili vya chumvi, nikamwaga pale, nikangoja, nikapima. Mashine ikasoma vizuri kabisa, kama mtoto aliyepewa majibu ya mtihani. "Ardhi ya Voi ina kiu," ulikuwa ukisema. "Inyweshe kwanza, ndipo ikusemee vizuri kwa inspekta."

Taa zikawaka. Mama akapiga kigelegele. Nikaenda zangu Mwatate kulala kwa mamangu, nikijiona ndiye wewe.

Jua likapiga wiki tatu.

Alhamisi nilipita kuongeza taa moja ya vifaranga. Saa tisa mchana, joto la kuua. Nikamkuta Mama anaosha sakafu ya gereji, maji yametapakaa, yeye peku, patipati zake za mpira ameziacha nje. Akanitazama kwa haya, kama msichana mwenye siri. Akasema, "Wakesho, usinicheke. Baba Nekesa yuko."

Nikadhani ni huzuni. Nikamwambia pole, Mama. Akasema hapana, sikiliza. Kila jioni akifunga mlango wa gereji, akishika lile komeo la chuma, unamshika mkono. Kidogo tu, kama mtu anayemfinya vidole. Siku ya kwanza alishtuka. Siku ya pili akarudi makusudi. Akagundua kwamba akivaa patipati unamshika kwa mbali, akizivua unamshika vizuri zaidi. Sasa anazivua kila siku. Anasimama pale anakusimulia habari za vifaranga, na za Nekesa, na za bei ya chakula cha kuku. "Kaburi lake ni mbali," akasema, "lakini mlango uko hapa." Huku anasema anatembea kuelekea mlangoni, miguu majini, mkono umenyooka, ili anionyeshe.

 Nilipiga kelele, "Mama usishike!" Akacheka. Alidhani ninaogopa mizimu.

Nilikimbia zile hatua thelathini sikumbuki vipi. Nilianguka mahali, goti bado limevimba. Niliingia jikoni nikaikata swichi kubwa, nikabaki nimeiegemea, sithubutu kurudi. Nilijua nikirudi nitamkuta chini. Nilishaanza kumtungia Nekesa maneno ya simu. Haki ya Mungu, nilishaanza.

Nikarudi. Amesimama, kiganja kwenye komeo, uso umesawijika. Akaniuliza, "Mbona leo hanishiki?"

 Nilisema stima imepotea, nikamwomba asiwashe kitu mpaka nirudi. 

Ijumaa na jana nilifanya kazi kama mwenda wazimu. Waya ya taa ya mlangoni ilikuwa imebanwa na skrubu, skrubu yangu mimi, ganda limechanika. Stima ilikuwa inavuja kwenye mabati, inatafuta njia ya kushuka, na njia niliyoipa ni chuma kifupi kwenye udongo uliokauka kama unga wa muhogo, na udongo mkavu haupokei stima. Nilikitoa kwa mkono mmoja! Kwa hivyo ilikuwa imetulia kwenye mlango, inamsubiri mtu. Ikampata mkeo, peku, na siku ile juu ya maji.

Nimepigilia vyuma viwili vipya, virefu, upande wa chini ambako udongo unashika unyevu. Vilichukua siku nzima na ngozi ya viganja vyangu. Nimebadilisha waya. Nimeweka na swichi ile inayojikata yenyewe stima ikivuja hata kidogo. Nimepima bila kumwaga hata tone.

Leo asubuhi nikamwambia ukweli. Nilipiga magoti. Nikamweleza skrubu, chuma, chumvi, yote. Nikamwambia, Mama, hakuwa yeye, ilikuwa stima, na ingekuua.  Kisha akasema, "Kwa hivyo aliyekuwa ananishika ni wewe."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Akainuka, akaenda gereji, akavua patipati. Akasema, "Washa." Nikamsihi. Nilishapima mara saba, lakini kupima ni kitu kimoja, mguu wa mtu ni kitu kingine. Akasema tena, "Washa, mwanangu." Nikawasha, nikarudi mbio kumtazama. Akaweka kiganja kizima kwenye komeo, akafumba macho. Nilikuwa naomba kusiwe na kitu, kusiwe na kitu kabisa.  Kisha akasema, "Hamna mtu," akaenda kupika chai.

Fundi, nimekukasirikia. Lazima nikwambie. Ulinifundisha kuinywesha ardhi, nami nikadhani ndiyo elimu yenyewe. Ndipo usiku wa Alhamisi nikakumbuka kwamba kila tulipomaliza nyumba ulimwita mama mwenye nyumba ukamwambia, "Maji ya kuoshea vyombo mwaga hapa, kila siku." Mimi nilidhani ni mzaha wako na akina mama. Kumbe ulikuwa unajua kwamba udongo ukikauka hatari inarudi. Nilishika ujanja nikaacha nusu yake. Lakini hata hiyo nusu, Fundi! Sasa maji ya mfereji yanatoka mara mbili tu kwa wiki. Nani atamwagia chuma maji, wakati ng'ombe wanalia kiu?

Na sasa naziona zote. Duka la mabati la Maungu. Zizi la yule mzee wa Mwatate. Banda la kuchomelea vyuma kule Miasenyi, lenye geti la chuma mtupu. Miaka sita ya nyumba tulizozinywesha ndoo moja tukaondoka tukicheka. Usingizi umenihama. Nikifumba macho naona mikono tu, mikono ya watu inafunga milango jioni.

Nakuahidi nitazirudia zote. Kesho naanza Maungu, kisha nyingine, mpaka ziishe. Nitapima ardhi ikiwa kavu, na nitawaambia watu ni sisi tuliokosea, mimi na wewe. Jina lako litaguswa, na najua ulivyolipenda. Nivumilie na hapo.

Lala salama, Fundi wangu. Mama nitamtazama mimi. Kitu kimoja tu kinanitisha kuliko vyote: nikibisha hodi kwenye nyumba hizo, sitaanza na kipimo. Itabidi nimuulize kwanza mwenye nyumba kama kuna mlango unaomshika mkono, na kama yuko marehemu ambaye amekuwa akimngojea pale.

Wakesho wako