Karatasi Isiyo na Jina la Shemeji

Kaka Idi,

Shemeji ametoka eda wiki iliyopita. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyeniingiza katika jambo hili, na ndiye pekee ambaye siwezi kumpigia simu.

Bado naishi hapa Kigoma, mtaa wa Katubuka, nyuma ya nyumba yako, katika chumba kile kimoja nilichoezeka kabla hujaugua. Asubuhi nakwenda kubeba zege. Mafundi wa sasa hawaniiti Mnyaturu kwa utani kama wewe, wananiita tu "we". Jioni binti yako Hawa ananiletea ugali wa muhogo kutoka kwa mama yake. Miezi minne na siku kumi nimekula chakula cha mjane huku nikimficha neno.

Maana mpaka juzi shemeji aliamini ulinipa chumba hiki kwa huruma. Waliokuja kumpa pole aliwaambia, "Marehemu alikuwa na moyo, hata mgeni wa Singida alimpa pa kulala." Nilikuwa nainamisha kichwa. Hakujua kwamba uliniuzia nusu ya kiwanja.

Unaikumbuka siku ile. Mwenyekiti wa mtaa na muhuri wake, mafundi wawili mashahidi, sote sebuleni kwako. Nilikuuliza, "Shemeji naye asaini?" Ukacheka. "Mnyaturu, unanunua kiwanja, huposi." Ulisema utamwambia ukishanunua mashine ya matofali kwa hela yangu. Alipoingia na sinia la samaki, migebuka ya kukaanga, ukaifunika karatasi kwa kofia yako, ukamwambia tunapanga mambo ya kazi. Nikanyamaza, nikanawa, nikala. Hapo nilikosea na mimi, kaka. Si wewe peke yako. Kisha ukaugua, na mashine haikununuliwa.

Baada ya mazishi nilikwenda mtaa wa Mwanga, hapa hapa mjini, kwa msaidizi wa kisheria, mama mmoja wa makamo. Nilidhani muhuri wa mwenyekiti unamaliza kila kitu. Akasoma, akaniuliza mke wa muuzaji alikuwa wapi. Nikasema alikuwepo. "Mbona hakusaini?" Nikasema alikuwa anatupikia. Akavua miwani, akacheka mpaka nikaona aibu. Ndipo akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Hati ina jina lako, kiwanja kizima. Mahali anapoishi mke hapauzwi, hata kipande, bila ridhaa yake ya maandishi. Nusu yangu ilipaswa kupimwa na kukatwa, kisha ofisi ya ardhi ibadilishe jina, wewe ukiwa hai. Sasa anayeweza kusaini kwa niaba yako ni msimamizi wa mirathi tu. Na familia imempendekeza shemeji.

Tangazo la mirathi limebandikwa mahakama ya mwanzo. Mwenye pingamizi aende Jumatatu. Kikao cha ukoo kimeshasema kiwanja kiuzwe chote, shemeji na watoto wahamie kwa kaka yake, kijijini Mwamgongo. Nikinyamaza, nauzwa pamoja na chumba. Nikisema, nakuharibia jina. Singida siwezi kurudi mikono mitupu, mke wangu ameshawaambia watu kwamba tunahamia Kigoma.

Mtu mmoja kazini akaniambia, "Dole gumba halina sura. Tafuta mwanamke yeyote abonyeze kama mke wa marehemu." Sitakudanganya, nilitembea na karatasi mfukoni siku mbili nikilifikiria hilo.

Jana nikampelekea shemeji mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, polepole, majina yote. Akaangalia tarehe. "Siku hii si niliwakaangia migebuka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Angeniambia ningekubali, shemeji. Sasa nikubali nini, na yeye hayupo nimuulize?" Hakulia, hakunifukuza. Alinirudishia karatasi akaingia ndani. Jioni chakula kilikuja kama kawaida. Nilishindwa kukila.

Jumatatu nitakwenda mahakamani na karatasi yetu. Hakimu akiuliza kama mkeo aliridhia, nitasema hakuulizwa. Yule mama wa Mwanga amenieleza wazi kwamba jibu hilo linaweza kunitoa hapa.

Pumzika, kaka. Nakuahidi hili tu, maana ndilo ninaloliweza: sitamsemea shemeji neno ambalo hakulisema, na nikiondolewa nitamuaga kabla sijabeba mzigo.

Petro